Shangazi Anajibu: "Nikiacha pombe, jioni nitakwenda wapi?"

Wasomaji wangu, salamu. Mwezi huu barua moja nimeipa nafasi kubwa kuliko zote. Mlioniandikia kuhusu viwanja na mirathi nawaomba mnivumilie hadi toleo lijalo. Nimekuwa muuguzi karibu maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, na barua ya namna hii siwezi kuiweka chini ya rundo.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nina miaka 41, mke na watoto watatu. Kazi yangu iko Gerezani, Kariakoo, nyumbani ni Kimara. Kila jioni nashuka mwendokasi Kimara Mwisho, na kabla sijafika kwangu kuna grosari moja ambayo kusema kweli ndiyo sebule yangu. Pana meza ya pool, pana runinga, pana washikaji niliokaa nao tangu sijaoa. Nikifika mhudumu haniulizi, analeta ya baridi. Siku za kazi nakunywa bia tano au sita, chupa moja 2,000. Jumamosi sihesabu, na mwisho wa mwezi tunaongeza Konyagi.

Juzi nilikwenda hospitali kwa maumivu chini ya mbavu za kulia. Nikapigwa ultrasaundi, daktari akasema ini lina mafuta na limeanza kuvimba. Akaniambia niache pombe kabisa, habari ya kupunguza haipo. Nimekubali, nimejiwekea mwisho wa mwezi huu. Lakini kila tarehe ikikaribia napata woga, na ninachoogopa ni saa 12 jioni. Nitashuka kwenye basi niende wapi? Mke wangu anasema, "Utakuwa nyumbani na wanao." Nawapenda, ila jioni watoto wana madaftari yao, mama yao ana tamthilia yake, mimi najiona mgeni. Pool nacheza vizuri, watu wananijua kwa hiyo. Yanga ikicheza nitaangalia wapi? Na Desemba tunakwenda Rombo, kwetu mbege haikataliwi.

Jingine, asubuhi mikono inatetemeka. Siwezi kuchomea bomba la shaba mpaka nipate kidogo cha kuzimua, ndipo inatulia. Mmoja ananiambia niache ghafla, kiume. Mwingine anasema nipunguze chupa mojamoja. Niache vipi? Na jioni zangu nizifanyeje?

Fundi, Kimara, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jioni kwanza na mikono mwisho. Mimi naanza na mikono, maana hiyo ndiyo inayoweza kukuua kabla hujaifikia jioni unayoiogopa.

Usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi na kutulia akizimua, mwili wake umeshaizoea pombe. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo unaotulizwa kila siku hujibu kwa kujikaza ili uweze kufanya kazi, na siku pombe ikikatika ghafla ule mkazo unabaki bila kitu cha kuushusha. Kati ya saa 6 na 24 baada ya chupa ya mwisho huanza jasho, kutetemeka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na hofu isiyo na sababu. Ndani ya saa 48 wengine hupata degedege, wanaanguka kama mtu wa kifafa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wachache wanachanganyikiwa kabisa: homa, kuona vitu visivyokuwepo, kutojua mchana wala usiku. Hao wasipopata matibabu, baadhi yao hufa.

Namkumbuka mgonjwa mmoja, fundi cherehani, aliyeletwa na ndugu zake siku ya tatu tangu aache "kiume". Usiku kucha alikaa kitandani akitunga uzi kwenye sindano isiyokuwepo. Anaulamba uzi, anaukaza kwa vidole viwili, anaulenga kwenye tundu, unamponyoka, anaanza tena. Mke wake amesimama mlangoni na kitenge mdomoni. Tulimtibu, akarudiwa na akili zake, akatoka wodini kwa miguu yake mwenyewe. Angeachwa nyumbani afunguliwe mapepo, sijui mwisho wake ungekuwaje. Kwa hiyo huyo rafiki yako wa "kiume" msikilize kwenye mambo ya mpira. Hili muachie daktari.

Nenda kliniki ya afya ya akili wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Kutoka Kimara unaweza kwenda Mwananyamala, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Muhimbili yenyewe. Usitishwe na jina la kliniki, huko ndiko waliko watu wanaoijua kazi hii. Waambie ukweli wa chupa, na Jumamosi uihesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Katika vipimo vingi vya hospitali gramu 10 ni kipimo kimoja, kwa hiyo bia yako moja ni vipimo viwili, na bia zako sita ni kumi na viwili. Konyagi ina asilimia 35, hivyo unywaji wa mwisho wa mwezi ni hesabu nyingine kabisa. Waambie pia habari ya kuzimua. Wengi hulificha hilo kwa aibu, na ndilo linalomwonyesha daktari kama utatibiwa ukiwa nyumbani au utalazwa. Kwa kawaida utapewa dawa ya kutuliza, ambayo kipimo chake kinashuka siku hadi siku kwa muda wa wiki hivi, pamoja na vitamini B1, ambayo miili ya wanywaji wengi huwa imeishiwa. Mpaka siku utakayoonwa, usiongeze chupa na usikate ghafla.

Dawa hizo za kutuliza usijinunulie duka la dawa kwa kuelekezwa na jirani. Zikichanganyika na pombe zinaweza kusimamisha pumzi usingizini. Panadol nayo, unayomeza asubuhi kwa ajili ya kichwa, mtajie daktari, kwa maana ini lako halihitaji mzigo mwingine. Na wiki hiyo ya kuacha usipande ngazi kufunga kiyoyozi, wala usishike mtungi wa gesi na moto wa kuchomea. Degedege likikukuta juu ya ukuta wa ghorofa, ini halitakuwa tatizo lako tena. Omba ruhusa, waambie wateja unaumwa. Ni kweli unaumwa.

Wapo watakaokuambia bia mbili hazina neno. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Hilo linamhusu mtu mwenye ini zima, sembuse wewe. Habari njema ni kwamba mafuta ya ini yanayoletwa na pombe huanza kuondoka ndani ya wiki chache za kutokunywa, ini likiwa bado halijakakamaa kwa makovu. Wewe umewahi.

Sasa tuje kwenye jioni. Nakuunga mkono kuiogopa, na nakasirika nikisikia watu wanakujibu "si ukae tu nyumbani". Mwanamume wa Dar akitoka kazini, wapi atapata kiti cha bure, taa, mpira na mtu wa kumwita kwa jina la kazi yake? Mitaa yetu ina grosari kila baada ya nyumba chache, na bustani yenye benchi unaweza kuitafuta hadi giza likuingilie. Mtu akiacha pombe anapoteza kinywaji, kiti na watu wake kwa siku moja. Kinywaji kina dawa na kliniki. Kiti na watu inabidi uvitafute mwenyewe, na uvitafute kuanzia leo ungali bado unakunywa. Ukingoja tarehe ifike, utashuka Kimara Mwisho huna pa kwenda na miguu itakupeleka inapopajua.

Tuanze na njia. Shuka Korogwe, kituo kimoja kabla, uingie nyumbani kwa upande mwingine. Utatembea zaidi kidogo, na wiki za kwanza hiyo ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote. Hamu ya pombe ikikushika hupanda, hukaa, kisha hushuka, mara nyingi haizidi nusu saa. Ukiwa unatembea itapanda na kushuka barabarani. Ukiwa mbele ya kaunta itashukia kwenye glasi. Halafu kula kabla hujapanda basi. Fundi aliyekunywa chai saa 4 asubuhi na kula wali wa mama ntilie saa 8, ikifika saa 12 ana njaa, na njaa ya mnywaji huja na sura ya kiu ya bia. Kipande cha muhogo na chachandu, au supu na chapati hapo hapo Kariakoo, vinaondoa nusu ya hamu. Watu hawaniamini mpaka wajaribu.

Kuhusu kiti, nakushauri kijiwe cha kahawa. Vimejaa kuanzia Kariakoo kwenyewe, na huko Kimara ukiuliza karibu na msikiti hutakosa. Mzee ana dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinaoshwa kwenye ndoo, kashata za karanga ziko kwenye sahani, na mabenchi mawili yametazamana. Katikati kuna ubao wa drafti, miraba 64, kila mmoja na kete 12, na kete zenyewe ni vizibo vya chupa, mmoja amevilaza chali, mwingine kifudifudi. Wewe uliyezoea kupima pembe za mipira ya pool utaipenda drafti. Unamtegea mtu kete moja aile, anaila kwa furaha, kumbe umemfungulia njia ya kuliwa tatu, na kingi yako inaruka ubao mzima. Mwanzoni utafungwa na vijana wa bodaboda, wazee watakucheka. Baada ya miezi michache watakuwa wanakusubiri. Pale kuna ubishi wa siasa, wa Simba na Yanga, wa bei ya mafuta, yote unayoyapenda grosari, na ukisimama kwenda nyumbani unasimama wima. Tahadhari moja, usingizi utakusumbua wiki za kwanza hata bila kahawa. Kunywa kikombe chako mapema, ikishaingia saa 1 omba ya tangawizi.

Pool iache kwanza. Najua nakugusa pabaya. Ungekuwa mchezaji wa kawaida ningesema jaribu mchana na soda mkononi, lakini wewe unasema watu wanakujua kwa hiyo, maana yake kila ukishinda kuna mtu anakununulia. Mkono wako umezoea kushika fimbo kulia na glasi kushoto. Kaa mbali na meza miezi ya mwanzo, angalau hadi daktari apime ini tena. Baadaye, ukitaka kurudi, tafuta meza iliyo mahali pasipouzwa pombe. Zipo chache, lakini zipo.

Mpira una ufumbuzi rahisi. Kibanda umiza. Najua umri wako unakiona ni cha watoto, lakini unalipa kiingilio kidogo, unakaa kwenye fomu, ubishi ni ule ule, na kinachouzwa ni karanga, maji na soda. Au chukua pesa uliyokuwa uitumie grosari siku ya mechi, nenda na kijana wako Uwanja wa Benjamin Mkapa. Uwanja wa watu 60,000, na mtoto wako amekaa pembeni yako anakuuliza kwa nini refa amepuliza. Hiyo jioni ataisimulia shuleni.

Kwa kuwa wewe ni Yanga, nikupe habari nyingine ya mwaka 1935. Mwaka ule ule ilipoanzishwa timu yako, huko Marekani mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu alikuwa kwenye ukumbi wa hoteli katika mji wa Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, hana anayemjua, na upande wa pili anasikia vicheko vya baa. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa akiomba wamkutanishe na mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa ameshindwa kuacha. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa AA, vikundi vya walevi wanaosaidiana ambavyo sasa vipo duniani kote, Dar es Salaam ikiwemo. Nyumba za upataji nafuu za Zanzibar nazo, zilizojulikana zaidi kwa kusaidia vijana wa heroini, hutumia hatua 12 za AA za kuacha kilevi. Kwenye vikundi vya AA hutakiwi kulipa, na wanatumia jina la kwanza tu. Uliza pale kliniki kikundi kilicho karibu nawe, uende hata kusikiliza. Utamkuta mtu mwenye saa 12 jioni kama yako.

Nyumbani unajiona mgeni kwa sababu miaka yote umekuwa ukifika wengine wanaelekea kulala. Usidai wakuzimie tamthilia, wana ratiba yao na waliijenga bila wewe. Chukua kazi moja iwe yako kila jioni. Ningekuwa wewe ningechukua hesabu za wale watoto. Fundi anayejua presha, nyuzijoto na vipimo vya mabomba hawezi kushindwa na sehemu na desimali za darasa la sita, na mtoto atashangaa baba anajua. Kuhusu mama yao, kaa naye mweleze mpango mzima, tarehe na kliniki, na kwamba siku kumi za mwanzo unaweza kuwa na hasira bila sababu. Umwambie na hili: asikunuse mdomo mlangoni, hata kama ana haki ya kufanya hivyo.

Washikaji wako usiwakimbie kimyakimya, watakufuata nyumbani kwa wema. Chagua mmoja, yule mwenye roho ya utu kuliko wote, umwambie kabla ya tarehe. Wengine sentensi moja inawatosha: "Nipo kwenye dozi ya ini, daktari amekataa." Hiyo ni kweli na haina mjadala. Ofa ya bia usipokee, na wewe usiwanunulie ili waone bado upo nao. Ukikutana nao msibani au kwenye harusi, shika chupa ya soda mkononi mapema, kwani mkono mtupu ndio unaowekewa bia. Na hizi bia zisizo na kilevi, mwaka wa kwanza ziache. Ladha ile, povu lile na chupa ile vinamkumbusha mtu kilichokosekana.

Pesa usiiache ipotelee kwenye matumizi. Bia tano kwa siku ni 10,000, kwa mwezi ni 300,000, kabla sijagusa mishikaki, Jumamosi na Konyagi. Fundi wa friji ana vifaa anavyoviazima au kukodi kila wiki, wewe unavijua. Chagua kimoja, andika bei yake kwenye karatasi, na kila jioni tuma ile 10,000 kwenye akaunti ya simu ambayo hutumii kwa kitu kingine. Siku ukikibeba kile kifaa dukani utakuwa unajua kilitoka wapi.

Jumamosi ndiyo siku usiyohesabu chupa, kwa hiyo asubuhi yake iwe na kazi kabla haijaanza. Dar ina vikundi vingi vya mbio, wanakutana alfajiri, wanaimba barabarani, wanamaliza kwa supu. Daktari akishakuruhusu, jiunge. Mchana ni wa watoto.

Rombo sasa. Mimi ni wa Marangu, mama yangu alipika mbege hadi uzeeni. Najua harufu ya ndizi mbivu zilizochemshwa zikageuka nyekundu, najua ulezi uliochipuzwa ukaanikwa kwenye mkeka, najua uchungu wa gome la msesewe linalotiwa ndani yake. Sitakuambia mbege ni kitu kibaya. Ndiyo iliyotolewa nilipoposwa. Lakini ina kilevi, hata ile tamu ya siku ya kwanza, na kwako siku hizi kata moja ya kibuyu ni mlango wa kreti. Wazee wetu wanaudhika ukiikataa kata hadharani. Ukiwaeleza mapema faraghani hawaudhiki. Siku ya kwanza ukifika, asubuhi, kabla wageni hawajajaa, nenda kwa baba au baba mkubwa, msalimie, mwambie umezuiliwa na daktari kwa ajili ya ini, na umwombe yeye awaambie wengine. Mzee aliyepewa kazi hiyo atakulinda kuliko mke wako. Kata ikikufikia kwenye mzunguko, ipokee kwa mikono miwili, umpe aliye pembeni yako. Nimewaona Walokole na Wasabato wa kwetu wakifanya hivyo miaka yote na heshima yao haijapungua. Kisha jipe kazi. Uwe mchinjaji, uwe wa kusimamia kisusio na nyama ya ndafu, maana anayesimama kwenye moto huitwa kila dakika na hakai chini kwenye duara. Safari yenyewe ifupishe mwaka huu. Fika karibu na Krismasi, rudi kabla ya Mwaka Mpya.

Ukiteleza ukanywa, usikae nyumbani ukisema "basi imeshaharibika". Rudi kliniki kesho yake, uwaambie. Wanalitarajia hilo na wana mpango wake.

Uniandikie tena baada ya sikukuu, mwanangu. Nataka kujua kama umeshamfunga mtu drafti.

*

Shangazi, mume wangu anakunywa sana. Kuna mama hapa mtaani anauza unga, anasema nimwekee kwenye uji bila kumwambia, ataichukia pombe mwenyewe. Nifanye hivyo?

Mama Watatu, Mwanza

Usifanye hivyo, mdogo wangu. Ipo dawa ya hospitali inayomfanya mtu aumwe akinywa pombe. Anakuwa mwekundu usoni, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inaweza kushuka kwa hatari, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuua. Kwa sababu hiyo daktari huitoa kwa mtu aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa na kuelezwa. Unga wa mtaani huwezi kujua kilichomo. Akianguka, utamwambia nini mama yake, na utawaambia nini polisi?

Ongea naye asubuhi akiwa mzima, si usiku akirudi. Mtajie tukio moja lililokuumiza, lenye siku yake, usimwagie yote ya miaka kumi. Kisha mwombe mwende wote kwa daktari kupima ini na presha tu. Wanaume wengi wanaokataa kusikia neno "pombe" hukubali kupimwa presha. Kama anakupiga, habari ni nyingine: nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, hata kabla hajaacha kunywa.

*

Shikamoo Shangazi. Niliacha pombe mwaka huu, bado mwili unayumba. Dada yangu anaolewa, na kikao cha kamati kimenipa vinywaji kwa sababu "najua mambo ya baa". Nikikataa wataona sithamini harusi ya dada. Nifanyeje?

Binti wa Arusha

Marahaba, binti yangu. Hongera kwa hatua hiyo. Kamati ya vinywaji ina maana utakwenda kwa msambazaji kupatana bei, utalala chumba kimoja na kreti, na usiku wa harusi utashika kuponi na funguo za stoo hadi mgeni wa mwisho aondoke. Kwa hali yako hiyo kazi haikufai.

Mpigie mwenyekiti wa kamati kabla ya kikao kijacho, usiliseme mbele ya watu wote. Omba usafiri. Ni kazi ngumu ambayo kila mtu anaikwepa, hivyo atafurahi, na hakuna atakayesema umekwepa majukumu. Utakuwa na orodha ya magari, namba za madereva na wazee wa kurudisha makwao, na mtu wa usafiri hakuna anayemlazimisha kunywa. Dada yako mwambie sababu ya kweli, yeye peke yake. Na zile kuponi za bia za mchango wako, mwombe mweka hazina azibadilishe ziwe za soda mapema, kabla kadi hazijachapishwa.